Mshono wa Sechelela

Haya nimeyapata kwa Mwantum mwenyewe, mwezi wa Mei uliopita, alipokuja Kondoa kwenye arobaini ya shangazi yake. Tulikaa uani tukipepeta ulezi, naye akanieleza tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na kila alipofika pazuri mikono ilisahau ungo. Nayaandika kama alivyoyasema. Nilichopunguza ni matusi tu.

Basi, ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi, na Sajenti Mwantum wa upelelezi alikuwa amebakiwa na siku moja.

Lilikuwa limepotea daftari. Daftari kubwa la wazazi, la tangu mwaka 1934 mpaka 1938, lenye majina ya watoto mia nne na zaidi waliozaliwa vijiji vya pembeni mwa Dodoma. Lilikuwa likitunzwa katika nyumba ya mawe pale mjini, nyumba aliyokaa muuguzi wa Kiingereza, Bi. Hadley, enzi za ukoloni. Nyumba ilikuwa imekarabatiwa iwe mahali pa kumbukumbu, na kesho yake, Jumamosi, ilikuwa ifunguliwe kwa jina lake. Mwenye shughuli yote alikuwa Dakta Ernest, msomi wa historia, aliyetumia miaka tisa kuandika kitabu juu ya Bi. Hadley. Na katika kitabu hicho alisema daftari lile Bi. Hadley aliliandika kwa mkono wake, mstari kwa mstari.

Jumanne alikuja Bibi Anyesi kutoka kijiji cha Chisingisa, mwanamke wa miaka themanini na mmoja, na kikapu chake cha karanga za zawadi. Aliliona daftari mezani, akalipapasa mgongo, akasema mbele ya watu, "Hili ni la mama yangu, Sechelela. Huu mshono ni wake. Yeye ndiye aliyezalisha, yeye ndiye aliyeandika."

Dakta Ernest akamjibu kwamba mama yake alikuwa mtumishi wa ndani tu. Pakawa na maneno. Jioni ile daftari halikuonekana. Jumatano Dakta akafungua jalada la wizi, na jina la kwanza kulitaja likawa Anyesi.

Bibi alikuwa nje kwa dhamana. Jumatatu ilikuwa asimame mahakamani. Lakini jela hakuijali. Alimwambia Mwantum, "Mwanangu, wakishaniita mwizi, nani atakayemsikiliza mwizi akimtaja mama yake?"

Hilo ndilo lililomfanya Mwantum amfuate Chisingisa asubuhi ile, akampandisha bajaji, akamleta mpaka kwenye ile nyumba ili aonyeshe hatua kwa hatua alivyoingia na alivyotoka.

Getini hapakuwa na mtu. Aliyefungua ni Erica, binti mtunzaji wa nyumba, mwenye funguo zote kiunoni.

"Shikamoo bibi. Shikamoo afande."

"Marahaba. Mlinzi yuko wapi?"

"Castory? Alikuwepo sasa hivi, afande. Hata chai yake hiyo hapo, inatoa moshi."

Mwantum akaiangalia chai, kisha akauangalia uwanja. Nyuma ya tanki la maji zilionekana buti mbili.

"Castory! Unamkimbia nani, mwizi au polisi?"

"Simkimbii mtu, afande. Niko kazini."

"Kazini nyuma ya tanki? Linaibwa maji?"

Erica akacheka. Lakini Bibi Anyesi hakucheka. Alikuwa amevuta ncha ya khanga akafunika uso, akageukia ukuta kama mtu anayesoma tangazo, na ukutani pale hapakuwa na tangazo. Mwantum akatazama khanga, akatazama buti.

"Bibi, yule ni nani wako?"

"Muulize yeye."

"Castory, huyu bibi ni nani wako?"

Sauti ikatoka nyuma ya tanki, ndogo kuliko buti zake. "Ni mkwe, afande. Nimeoa kitindamimba wake."

Sisi huku kwetu Kondoa mkwe tunamheshimu pia, lakini Wagogo wa upande ule wa zamani wamezidi. Mkwe wa kike akija njia hii, wewe unapita majani. Humtazami, humpi mkono, na chombo chake hukigusi.

Mwantum akachukua kitabu cha getini, kile ambacho kila anayeingia na kutoka anaandikwa. Alikuwa amekisoma mara nne tangu Jumatano. Jumanne, saa kumi na dakika ishirini, Anyesi, kikapu kimoja, amekaguliwa. Neno hilo moja lilikuwa limempa tabu siku mbili. Kama kikapu kilikaguliwa, basi bibi hakutoka na daftari. Alirudi baadaye, akapita dirishani. Ndivyo Dakta Ernest alivyokuwa akishikilia. Na Mwantum alikuwa amekwenda dirisha kwa dirisha na tochi, akakuta utando wa buibui haujaguswa hata mmoja.

"Castory, Jumanne ulikikagua kikapu cha huyu bibi?"

"Nimeandika, afande."

"Sikuuliza ulichoandika."

"Afande, nitatiaje mkono kwenye kikapu cha mkwe wangu? Nilipoona anakuja nilikwenda huku huku nilipo. Alipopita nikarudi nikaandika kama ninavyoandika kwa watu wote."

Erica akajishika mdomo. "Basi imekwisha," akasema polepole. "Kikapu kilitoka bila kukaguliwa."

Kweli, ilionekana imekwisha. Sajenti aliyekuja kumwokoa bibi wa watu alikuwa amemfunga kamba nyingine mwenyewe. Bibi Anyesi hakugeuka ukutani. Lakini Mwantum alikuwa na tabia moja: akipata jibu baya haliachi, hulipindua aone chini yake kuna nini.

"Castory. Nani mwingine hapa anajua kwamba huyu ni mkwe wako?"

"Erica hakujua. Mafundi hawajui." Akafikiri. "Dakta anajua. Bibi alikuja hapa mara ya kwanza mwezi uliopita, Dakta akaniona nakimbia, akanicheka mpaka akakaa chini. Alisema, 'Castory, siku mkwe wako akija kuiba utamfungulia na geti.'"

Mwantum akaandika maneno hayo, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Wakaenda jikoni. Ndiko bibi alikoacha karanga Jumanne, na ndiko alikoweka kikapu mlangoni wakati anazungushwa vyumbani.

"Bibi, kikapu ulipokichukua kutoka hapa, kilikuwa na nini?"

Bibi Anyesi akainama kupangusa vumbi miguuni.

"Bibi."

"Hilo sitasema."

"Utafungwa kwa kutokusema."

"Nifungwe. Lingine lolote uliza."

"Kuna nini cha kuficha kwenye kikapu?"

"Ni aibu, mwanangu. Ninyi watu wa Kondoa hamchoki kuuliza?"

"Tunachoka tukishajibiwa."

Bibi akacheka kidogo, kwa kuudhika. Akamtazama Erica, akainamisha macho. "Mtoke nje basi. Au huyu binti atoke."

"Erica, toka," akasema Mwantum. Erica akatoka, akasimama mlangoni palepale akisikiliza, nani asingesikiliza?

"Mimi nilikuja na karanga," bibi akasema. "Nikazimimina kwenye sufuria lile. Kikapu kikabaki kitupu. Nilipokwenda kukichukua, nanyanyua hivi, kizito! Nikasema moyoni, asante, watu hawa wamelelewa. Tumegombana, lakini hawakuacha kikapu changu kirudi kitupu. Nikasema ni sukari hiyo, au sabuni za mche. Kilikuwa kimefunikwa na kitambaa changu. Sasa mtu mzima anafunua kikapu mbele ya mwenyeji aone kapewa nini? Unafunua nyumbani kwako."

"Ukafunua nyumbani."

"Nikafunua nyumbani. Kitupu kama kilivyotoka dukani. Nikajua wamebadili mawazo, wameitoa tena, kwa sababu ya yale maneno. Sasa mbele ya polisi ningesema nini? Kwamba nimenyimwa sukari? Niwaaibishe watu kwa ratili ya sukari?"

Erica akaingia mbio, machozi yako karibu. "Bibi, mimi sikuweka kitu! Haki ya Mungu nilisahau. Zile kelele zilinichanganya, nikaacha kikapu cha watu kiondoke hivi hivi. Nisamehe bibi."

"Ulisahau?"

"Nilisahau."

Mwantum alikuwa amesimama. Ananiambia nywele zilimsisimka mpaka chini ya mtandio. Erica hakuweka kitu, na kikapu kilikuwa kizito.

"Erica, lile daftari mliwahi kulipima?"

"Kila kitu tumepima, afande. Urefu, upana, uzito." Akakimbia kuleta karatasi zake. "Kilo mbili na robo."

"Usiseme tena kwa sauti. Niletee unga na mzani."

Akamgeuza bibi atazame dirishani. Akamimina unga kwenye mfuko, akautia kikapuni, akafunika kitambaa, akamwita anyanyue.

"Kilikuwa hivi?"

"Hapana. Hiki ni cha mtoto."

Akaongeza. "Hivi?"

"Bado."

Akaongeza tena, mara hii bila kuona mzani unasoma ngapi, ili asije akajidanganya mwenyewe. Bibi akanyanyua, akapima mkononi kama wanawake tulivyozoea kupima sokoni mzani wa muuzaji ukitutia shaka.

"Hapo. Hapo ndipo."

Erica akaweka mfuko mzanini, wote wakainama. Kilo mbili na gramu mia mbili.

"Sasa bibi," Mwantum akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukimbia, "toka mlango huu mpaka nyumbani kwako, ni nani mwingine aliyeshika kikapu?"

"Dakta. Alinifuata nje ya geti, akasema samahani kwa maneno makali, panda nikupeleke. Akanipokea kikapu, akakiweka nyuma ya gari. Kule Chisingisa alishuka yeye, akanitolea yeye. Nikamwombea dua na mvua, mpumbavu mimi."

Kwa hiyo daftari lilitoka kweli ndani ya kikapu cha Anyesi, mbele ya mlinzi asiyeweza kutazama. Na aliyelitia ndiye aliyelitoa.

"Lakini kwa nini?" Erica akauliza. "Daftari ni lake. Ndiye aliyelileta hapa. Mtu anajiibia?"

Hilo ndilo Mwantum alilokwenda kulitafuta chumba cha maonyesho. Alisoma kuta zote, taratibu, kidole kwenye kila mstari. Palikuwa na picha ya Bi. Hadley kavaa kofia. Palikuwa na mkasi wake, na beseni lake. Palikuwa na barua yake kwa dada yake, na tafsiri yake chini: aliondoka Dodoma tarehe 11 Machi 1936 kwenda likizo kwao Uingereza, akarudi Mei mwaka uliofuata.

"Erica, una picha za kurasa za daftari?"

"Zote ziko kwenye simu. Nilipiga kwa ajili ya vibao."

"Nipe Aprili 1936."

Erica akatafuta. Majina tisa.

"Nipe Disemba mwaka huohuo. Sasa nipe 1934." Akajitumia picha moja, akaziweka simu mbili, yake na ya Erica, bega kwa bega. Herufi zilikuwa zilezile, zimelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. "Bi. Hadley alizalishaje watoto wa Dodoma akiwa kwao Uingereza?"

"Dakta alisema palikuwa na muuguzi mwingine wa kumshikia nafasi."

"Mwenye mwandiko wa Bi. Hadley?"

Erica akaendelea kufungua picha. "Hapa pia kuna pengo, afande. Ukurasa 110 unaishia tarehe 8 Juni. Unaofuata ni 113, tarehe 10. Karatasi moja haipo. Dakta alisema panya."

"Panya hachani karatasi moja katikati akaacha jirani zake," Mwantum akasema. Akageuka. Katikati ya chumba palikuwa na kabati la kioo, na ndani yake kishikio cha mbao cha kulaza daftari. Mbao ilinukia upya.

"Hiki kimetengenezwa lini?"

"Jana. Dakta alimwita seremala akasema cha zamani ni chembamba, kipanuliwe kidole kimoja kila upande."

Mwantum akapapasa ukingo wa ile mbao mpya.

"Erica, mwanangu. Jana daftari lilikuwa limeibwa tayari. Mtu anapanua kitanda cha mgonjwa aliyekwisha kuzikwa?"

"Labda... alikuwa na matumaini."

"Matumaini hayana kipimo cha kidole kimoja. Anajua litarudi, na anajua litarudi limenenepa. Kitabu kinaneneshwa na nini?"

Aliyejibu ni Bibi Anyesi, kutoka kwenye kiti alichokuwa amekalishwa. "Na jalada jipya."

Wakatazamana wote watatu. Jalada jipya haliwekwi mpaka mshono wa zamani ukatwe. Na mshono ule ndio bibi alioushika Jumanne mbele ya watu. Kesho daftari lingeonekana limeokotwa mahali, zuri, limevaa ngozi mpya, na ule mgongo uliomtaja Sechelela ungekuwa kwenye pipa la taka.

"Nani mjini hapa anajalidi vitabu vya kizamani?"

"Mmoja tu," akasema Erica. "Mzee Nathanaeli, nyuma ya soko."

"Bibi, wewe kaa hapa, nitarudi."

"Nikae?" Anyesi alikuwa amekwisha kusimama, anafunga khanga kiunoni. "Mshono wa mama unakatwa, mimi nikae?"

Bajaji ile ilikwenda, anasema Mwantum, mpaka dereva mwenyewe akaanza kusali. Erica alibaki na funguo zake; Castory aliwafungulia geti uso kautupa kando, mkono mmoja machoni.

Mzee Nathanaeli walimkuta kwenye kibanda chake cha bati, miwani imefungwa kwa uzi, kisu mkononi. Mezani, juu ya gazeti, lilikuwa daftari.

"Kisu chini, mzee!"

"Ee! Mbukwenyi kwanza. Watu hawasalimiani siku hizi?"

"Shikamoo. Kisu chini."

Akakiweka. Mshono ulikuwa umekatwa nusu. Nusu ya juu ilikuwa imebaki, uzi mwekundu-mweusi wa magome, umejaa mafuta ya miaka.

"Nani kalileta?"

"Dakta Ernest. Jumatano asubuhi na mapema. Alitaka Alhamisi, mimi nikashindwa. Huu si mshono wa vitabu, mama. Ukivuta hapa unakaza kule. Nimekaa nao siku mbili nauonea huruma. Anakuja kulichukua saa sita."

Ilikuwa saa tano na nusu. Mwantum akapiga simu kituoni, waje askari wawili, bila king'ora. Kisha akafanya kazi kwa utaratibu. Akapiga picha mshono uliobaki, akaufunika kwa gazeti. Akachukua karatasi mbovu za Nathanaeli, akazikunja ziwe kama daftari, akampa Bibi Anyesi pamoja na msumari wa kutobolea na uzi, akamketisha kwenye kigoda akiipa meza mgongo.

"Shona kama mama alivyokufundisha."

"Mama alinifundisha kushona vibuyu, si makaratasi."

"Shona kama kibuyu."

Kwa Wagogo kibuyu kikipasuka hakitupwi. Kinatobolewa pembezoni mwa ufa, kinashonwa kwa uzi wa magome, na maziwa hayavuji. Bibi akatoboa. Hakuvaa miwani. Uzi ulipita tundu moja mara mbili, ukasonga mbele, kisha ukarudi nyuma tundu moja kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ndipo ukaendelea. Alipomaliza, Nathanaeli akaondoa gazeti, akaweka karatasi kando ya daftari, akahesabu matundu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena.

"Mishono hii," akasema, "ni ya mkono wa nyumba moja."

Mlango ukafunguka. "Mzee Nathanaeli, umemaliza? Nina hara—"

Dakta Ernest alikuwa mtu mrefu, nadhifu, suti ya kijivu tayari kwa sherehe. Alimwona Sajenti, akaliona daftari, na uso wake ukabadilika haraka ukawa wa furaha.

"Sajenti! Umelipata! Hongera sana."

"Hongera ni zako, Dakta. Wewe ndiye uliyelileta."

"Mimi? Ndiyo, yaani... lilikuwa linachanika. Nililichukua kulihifadhi."

"Siku uliyolihifadhi ndiyo siku uliyoandika maelezo kwamba limeibwa. Sahihi yako ninayo."

Dakta akarekebisha tai.

"Na ulilihifadhi kwa kupitia kikapu cha bibi? Chini ya kitambaa? Ulijua Castory hatatazama. Ulijua na bibi hatafunua mpaka afike kwake. Umesoma sana, Dakta. Umesoma mpaka adabu za watu."

Dakta hakuwa mtu wa kuanguka haraka. "Sawa. Nimekosa njia, nitaadhibiwa. Lakini historia haibadiliki kwa sababu mimi nimekosa. Mshono unathibitisha nini? Kwamba mtumishi alishona daftari la bosi wake lilipochanika. Kushona si kuandika. Ziko wapi hati zinazomtaja Sechelela kama mkunga? Orodha ya wafanyakazi? Barua? Nimetafuta miaka tisa. Hakuna."

Na hapo, wasomaji wangu, Dakta alikuwa na hoja. Maana ni kweli, aliyeshona koti si lazima awe ndiye aliyelivaa. Bibi Anyesi alikuwa bado kwenye kigoda, uzi mkononi. Kama Dakta angetoka pale na maneno hayo, wizi ungekuwa wake lakini jina lingebaki la Bi. Hadley.

"Samahanini," akasema Nathanaeli. "Mimi si msomi. Ila kuna kitu humu mgongoni."

"Kitu gani?"

"Nilikiona nilipokata uzi wa tatu. Nilidhani ni karatasi ya kuongezea unene, nasi tunaweka. Lakini ina mistari."

Mwantum akavaa mipira ya mikono. Mahali uzi ulipokatwa, kati ya jalada na mgongo, palikuwa na karatasi iliyokunjwa nyembamba kama utepe, mshono ukiwa umepita juu yake. Haikuwezekana kuiona bila kukata. Akaivuta kwa kibano cha Nathanaeli, unywele kwa unywele. Akaikunjua juu ya meza. Pembeni juu palikuwa na namba iliyochapwa: 111.

Mstari mmoja tu ulikuwa umeandikwa, herufi zimelala kama mtama uleule wa kurasa zote. Mwantum akasoma kwa sauti.

"'Tarehe 9 Juni 1936. Mama: mimi. Mtoto: wa kiume. Uzito sikupima, sikuwa na wa kunisaidia. Nimekata kitovu mwenyewe. Tuko salama. Alasiri nimeitwa kwa mwingine, nimekwenda.'"

Akaweka kidole kwenye tarehe.

"Juni 1936," Mwantum akasema. "Bi. Hadley yuko Uingereza. Na hakuzaa maishani mwake, Dakta. Umeandika mwenyewe, ukurasa wa kwanza wa kitabu chako."

"Elieza," akasema Bibi Anyesi. Alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza. "Huyo ni kaka yangu Elieza. Alizaliwa mtama unavunwa, Juni, mama alituambia. Mama alikuwa akisema mkunga hajiandiki katika hesabu yake, ni kama mpishi kujipakulia kwanza. Kumbe aliandika." Akapangusa pua kwa khanga. "Aliandika, akaona haya, akachana, akashonea ndani. Lo! Mama!" Na akaanza kucheka, na machozi yanatoka, akapiga kigelegele kimoja kirefu mpaka wauza nyanya wa soko wakaja kuchungulia kuna harusi gani.

Dakta Ernest alikuwa ameinamia karatasi. Hakuigusa. Alisoma mara moja, akarudia, midomo ikicheza.

"Miaka tisa nimelishika mikononi," akasema. "Lilikuwa humu."

"Usingelipeleka likatwe, lingebaki humu," akasema Mwantum. "Askari wapo nje. Twende."

Yaliyobaki yalikuwa ya makaratasi. Hati ya kukamata mali, sahihi ya Nathanaeli, sahihi ya Anyesi, aliyeandika jina lake taratibu kwa herufi za darasa la nne. Daftari likafungwa kwenye mfuko wa vielelezo, karatasi ya 111 kwenye mfuko wake. Jalada la Anyesi likafungwa saa tisa alasiri. Erica akapiga simu mara mbili kuuliza kesho wafanye nini, kibao cha mlangoni kimeandikwa tayari, wakifute?

"Msimfute yule mzungu," Bibi Anyesi akamwambia, akiishikilia simu mbali kama kitu cha moto. "Naye alikaa pale. Alikuwa na moyo, mama alimpenda. Muongeze tu. Sechelela, mkunga. Na muandike herufi za ukubwa uleule. Mimi nitakuja na rula."

Jua lilipozama walikuwa Chisingisa. Binti mkubwa wa bibi alipika ugali wa uwele na mlenda, Mwantum akala kama mtu aliyetoka kufunga, maana siku mbili nzima hakuwa amelala vizuri. Wakamwambia hakuna kuondoka. Wakamtandikia mkeka chumbani kwa bibi, kando ya kitanda.

Bibi alijilaza, mikono kifuani. "Unayo kwenye simu yako, ile karatasi?"

"Ninayo, bibi."

"Nisomee."

Mwantum akasoma yote, tangu tarehe mpaka mwisho.

"Tena. Pale alipokuwa salama."

"'Nimekata kitovu mwenyewe. Tuko salama. Alasiri nimeitwa kwa mwingine, nimekwenda.'"

"Alikwenda," akasema bibi. "Siku ileile, na maumivu yake. Ungekwenda wewe?"

"Mimi nisingekwenda."

"Hata mimi. Tena."

Mara ya tatu Mwantum alipofika katikati alisikia pumzi ya bibi imebadilika, imekuwa ndefu. Alimalizia mstari hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, asije akaukata. Kisha akalaza kichwa mkekani, simu ikiwa bado inawaka mkononi, akalala na viatu.